Verni juu ya Mafuta Mabichi

Solange mama,

Salamu sikuandikii. Leo tumesalimiana mara tatu, na mara ya tatu ulinijibu huku unaangalia mulango, basi inatosha. Kama unasoma hii barua, njo kusema umefika Butembo, umefungua gunia, na ndani ya bakuli ya juu umekuta karatasi. Kaa chini kwanza. Usimuonyeshe patron, yule bwana wa kazi, kitu chochote kabla hujamaliza kusoma.

Ninaandika hapa Burungu, saa tisa ya mchana. Mvua inapiga mabati, Papa yako amelala na viatu miguuni, na weye umeenda kumuaga bibi yako kule juu, umeniachia hasira yote peke yangu. Kesho asubuhi kamio, ile lori ya maharagi, itakuchukua pale Kitchanga. Ningekuambia haya kwa mudomo, lakini tunajuana. Nitasema neno moja, utasema "Mama, unaanza tena." Nitasema la pili, Papa yako ataamka aseme "Wachana na mutoto." Na mambo itaishia pale, kama kila siku katika hii nyumba. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na yeye hajui kusoma maandishi yangu.

Solange, nimeona ulichofanya.

Leo asubuhi nilienda kufunga zile bakuli sita ndani ya vitambaa, ili zisigongane njiani. Nikashika ile kubwa. Nilipotoa mukono, kidole changu kilikuwa kimebaki pale, mistari yote, kama vile tunavyopiga kidole kwenye liste ya kupokea maharagi. Nikanusa. Verni, ile rangi ya dukani ya kung'arisha muti! Nikashika ya pili, verni. Ya tatu, verni. Zote sita! Aka, Solange! Verni juu ya mafuta uliyopaka juzi, mafuta ambayo hata nzi akitua anabaki na miguu yake! Nilikaa chini pale kwenye maranda na nikataka kulia, kisha nikataka kukupiga, kisha nikakumbuka una miaka kumi na tisa na umenipita urefu.

Unajua vizuri kuliko mimi. Mafuta ya lini, yale ya mbegu za kitani, hayakauki kama maji. Yanakunywa hewa polepole, siku kwa siku, mpaka yanakuwa magumu ndani ya muti wenyewe. Ukiyafunika na verni kabla hayajamaliza, umeyafungia mulango. Chini yanabaki mabichi, juu kunakuwa ngozi. Inang'aa, ndiyo, inang'aa sana, unaweza kuona meno yako ndani. Lakini weka kitu ya moto, uone vile hiyo ngozi inainuka.

Na patron wako alisema nini? Nilikuwepo wakati shofere wake alipoleta habari, nilisimama pale karibu na jiko na mwiko mukononi. "Alete bakuli sita alizochonga na kupaka yeye mwenyewe. Nitamimina uji ya moto ndani, nitaziacha na maji siku mbili. Zikibaki vizuri, ana kazi na ana kitanda. Zikiharibika, arudi kwao." Arudi kwao! Anasema vile kwa sababu yeye ni mufanya biashara, ana kamio, barabara kwake ni barabara tu. Arudi kwa njia gani? Kwa zile barieri za kufunga njia, zinazozaliwa kila juma? Arudi wapi, hapa, ambapo kila siku wale vijana wa bunduki wanapita wakiuliza nani ana binti nyumbani? Hii nafasi ya Butembo njo ile moja tumepata. Niliomba juu yake mpaka magoti yakauma. Na weye umechukua hiyo nafasi ukaipaka verni.

Sasa ngoja, kwa sababu najua unasema nini huko ulipo. Unasema: Mama anajiona hajakosea hata siku moja. Basi nisikilize. Kuna makosa yangu tatu sijakuambia vizuri. Moja umesikia watu wakiicheka, lakini hawakukuambia mwisho wake. Mbili hujasikia hata kidogo.

La kwanza ni la mawese. Nilipoolewa, nilitoka Itebero kwa miguu, siku kadhaa ndani ya pori, na kibidoni ya mawese kichwani, zawadi ya mama yangu. Kwetu kule kila kitu ni mawese. Unapika na mawese, unapaka nywele, mulango ukilia unautia mawese. Nikafika hapa kwenye milima, kwa watu wa ng'ombe na maziwa, nikamukuta Papa yako na ile mashini yake ya gurudumu la velo, la baiskeli, anakanyaga kwa muguu, muti unazunguka, maranda yanaruka kama mvua. Alikuwa anachonga bakuli nzuri sana, lakini alikuwa anaziuza kavu, bila kitu. Zilikuwa zinapasuka. Mimi, bibi-arusi mwenye akili nyingi, nikasema: niachie mimi.

Nikazipaka mawese. Mama yangu, zilikuwa nzuri! Nyekundu, zinawaka kama jua ya jioni. Papa yako alisimama akashangaa, na mimi nikatembea juma zima na shingo juu. Wachungaji wakanunua zote kwa ajili ya maziwa. Siku kumi hazikuisha. Muzee wa kwanza akaja na bakuli yake mukononi, ameibeba mbali na pua yake, akaiweka chini mbele ya mulango na akasema pole pole tu, "Mama, maziwa yangu inanuka kama taa ya mawese ya watu wa pori." Akaja wa pili. Akaja wa tatu na bibi yake, na huyo bibi hakusema pole pole. Mawese hayakauki, Solange. Yanakaa ndani ya muti yanaoza, na maziwa inashika kila harufu inayopita. Bibi yako, mama ya Papa yako, alizipanga zote kwenye ukuta wa nyumba, nje, pale kila muntu anayepita anaona. Ziliacha alama za mafuta kwenye ule ukuta mpaka tulipojenga upya.

Hii njo watu wanaicheka. Mwisho wake njo huu: Papa yako aliniuliza kwa upole kama mawese yanakauka, kabla sijapaka. Nilijua hayakauki. Muntu wa Itebero gani hajui kwamba mawese hayakauki? Lakini nilikuwa mugeni, nilitaka kila muntu aone kwamba mimi pia nimekuja na kitu. Nikamujibu, "Yanakauka." Usinicheke. Ao cheka, lakini kidogo.

Baada ya pale nilijifunza kazi. Sikujifunza kwa akili, nilijifunza kwa haya. Tulianza kununua mafuta ya lini kwa mufanya biashara mwingine wa Butembo, si huyu patron wako, aliyekuwa na duka Sake, muntu mumoja wa kanisa sana, alikuwa anapima mafuta huku anaomba rozari. Yeye njo alinionyesha. Pasha moto kidogo, paka kidogo, ngoja kama muda wa kuchemsha viazi, futa yote ambayo haikuingia. Futa mpaka ufikiri hakuna kitu kilichobaki. Halafu ngoja. Juma moja kama kuna jua, mawili kama ni mvua. Kisha tena. "Mama," alisema, "mukono wa kupaka ni wa mutoto. Mukono wa kufuta njo wa fundi." Nilimuona kama muntu anayenifanya ninunue mafuta yake kidogo-kidogo ili nirudi mara nyingi. Kumbe alikuwa anasema kweli.

La pili. Hili ninaliandika haraka, kwa sababu nikisimama sitaandika.

Ulikuwa na miaka tano. Nilikuwa nimepata kazi ya bakuli kumi na moja kwa ajili ya harusi, za ukubwa wa kushuka, kubwa mpaka ndogo. Nilikuwa nimezipaka mukono wa mwisho wa mafuta asubuhi ile ile, ziko juani zinang'aa, wakati tuliposikia milio upande wa juu. Kisha watu wakaanza kushuka mbio na magodoro. Papa yako akachomoa chuma cha mashini yake, akakiweka begani. Akaniambia, "Wacha hizo vitu, beba mutoto."

Unajua nilimujibu nini? Nilimuambia, "Mutoto ana miguu. Bakuli haina."

Nilisema vile. Mimi, mama yako. Nikaziingiza moja ndani ya nyingine, kumi na moja, nikazifunga ndani ya shitingi, ile turubai ya plastiki, nikazitia mugongoni na kamba kwenye paji la uso, na weye nikakushika mukono. Tulitembea siku mbili mpaka Sake. Siku ya kwanza ulitembea vizuri, uliimba hata. Siku ya pili ulilia "Mama, mugongo, Mama, mugongo," na mimi nilikuambia karibu tunafika. Hatukuwa karibu. Papa yako alikuwa na kile chuma na gunia la maharagi na hakuweza kukubeba zaidi ya hatua mia moja kwa mara moja. Pale kwenye mawe ya volkano, mbele ya kufika Sake, kiatu chako kilipotea, na jiwe likakukata chini ya muguu.

Lile kovu umeniuliza mara ngapi? Na nilikujibu kila mara kwamba ulikanyaga chupa. Haikuwa chupa, Solange. Mimi nilikuwa na mugongo, na mugongo ulikuwa na bakuli.

Tulipofika Sake nikafungua shitingi. Zilikuwa zimeshikana. Mafuta mabichi, bila hewa, siku mbili ndani ya joto la mugongo wangu, yalikuwa yamegeuka gundi. Papa yako aligonga, akaingiza kisu, akaweka kwenye maji ya moto. Ya kwanza ikapasuka, ya pili ikapasuka. Mwishowe akachukua panga akazipasua zote pamoja, na bugali ya kwanza tuliyokula Sake tuliipika kwa kuni za bakuli za harusi ya watu. Ningependa angelinitukana, ningepumua. Alikuosha muguu tu, akakufunga na kipande cha shati yake, akakulaza.

Nisamehe. Nimengoja miaka kumi na ine kuandika hilo neno moja, na sasa nimeliandika naona ni neno dogo sana. Nisamehe tu.

Papa yako amegeuka upande. Amesema kitu juu ya ng'ombe. Hana ng'ombe. Naendelea.

La tatu ni la verni, na sasa utaelewa kwa nini leo asubuhi nilitaka kukupiga. Kwa sababu mimi pia, mama yangu, niliitumia. Hukujua! Unafikiri ninaichukia kwa sababu mimi ni muntu wa zamani. Hapana. Ninaichukia kwa sababu ninaijua.

Kule Sake, ndani ya ile nyumba ya shitingi, sikutaka tena kungojea kitu chochote. Unaelewa? Kila kitu nilichokuwa nimengojea kilikuwa kimepotea. Nilisema: nani ana majuma matatu ya kungojea bakuli ikauke? Kesho tutakimbia tena. Kile ninachofanya asubuhi niuze jioni. Nikanunua verni, kopo moja ndogo, Papa yako akachonga kwa muti wa avoka uliokuwa bado unatoa maji, na mimi nikapaka siku ile ile. Ziling'aa! Watu wanaopita kwenda Goma walikuwa wanasimama. Niliuza haraka kuliko nilivyouza siku zote za maisha yangu, na nikasema moyoni: kumbe nilikuwa mujinga, kungoja ni ya watu wenye amani.

Kisha siku moja nikaona mama mumoja anakuja kutoka ng'ambo ya soko. Kijana, na mutoto mugongoni, na bakuli yangu mukononi. Niliijua kwa mbali. Ngozi ya verni ilikuwa inaning'inia pembeni kama ngozi ya kiazi kilichopikwa. Unajua nilifanya nini? Nilijificha. Nililala chini nyuma ya magunia ya makabishi ya jirani yangu, mimi muntu mukubwa, na kitambaa changu cha kanisa kichwani.

Nikamusikia anauliza, "Mama wa bakuli iko wapi?"

Jirani yangu akasema, "Ameenda Goma."

"Atarudi lini?"

"Aka, mimi najua?"

Yule mama akageuza bakuli mukononi. Kisha akasema, "Mumuambie sikuja kugombana. Nilitaka tu kumuuliza kama hii kitu ni sumu. Nilimupa mutoto uji ya moto ndani, na hii ngozi ilitoka, ameimeza. Nilitaka kujua tu."

Na mimi nilibaki pale chini, Solange. Uso wangu kwenye majani ya makabishi. Kwa sababu sikujua jibu. Kama ningejua si sumu, ningesimama. Kama ningejua ni sumu, nafikiri ningesimama pia, ningepiga kelele, tungekimbia pamoja kwenye santé, kwa munganga. Lakini sikujua, na ile haya ya kusema "sijui, nilipaka haraka" ilinilaza pale mpaka akaenda. Niliona miguu yake tu. Alikuwa na kandambili moja ya bluu na moja ya kijani.

Nilimutafuta baadaye. Kesho yake, na juma lote. Niliuliza kwenye pompo ya maji, niliuliza kanisani. Hakuna aliyemujua, watu walikuwa wanafika na kuondoka kila siku. Mpaka leo sijui kama ule mutoto aliugua ao hapana. Nikiona mutoto wa umri ambao angekuwa nao leo, ninajiuliza. Na kabla ya leo Papa yako peke yake njo alikuwa anajua, na yeye nilimuambia gizani.

Sasa unaelewa ile harufu ilinifanya nini leo asubuhi.

Basi, sikiliza nilichofanya mimi baada ya kukasirika. Nilichukua kipande cha kioo, kile cha dirisha la sakristia lililovunjika, na nikaanza kukwangua. Nilisema: nitazikwangua zote sita, nitazipaka upya, nitazifunga, na huyu mutoto hatajua kitu mpaka afike. Nikaanza na ile kubwa. Verni inatoka kama makamasi, samahani, lakini ni vile. Chini yake ule mukono wa mafuta ya juzi, mubichi, nao unatoka. Ninakwangua na ninakutukana, ninakwangua na ninakutukana.

Halafu nikafika chini.

Solange, nani alikufundisha kufuta vile? Ile mikono yako mitano ya kwanza ya mafuta, ile uliyopaka tangu mwanzo wa mvua, ilikuwa imekauka yote. Imeingia ndani. Nilipitisha shavu langu, unajua mimi ninapima kwa shavu, na haikuniuma popote, hata kwenye ile sehemu ngumu ya chini ambapo muti unakata uso. Nikadondosha maji, yakasimama juu, hayakuingia. Nikasema, hapana, maji si kitu. Nikaenda kwenye jiko nikachukua uji, inachemka bado, ile ya Papa yako ya mchana, nikaimimina ndani mpaka mudomoni. Nikakaa mbele yake. Nilingoja mpaka ikapoa kabisa. Nikaimwaga, nikafuta kwa mukono. Hakuna doa. Hakuna weupe. Hakuna harufu. Nikageuza kwenye mwanga wa mulango, nikageuza tena, nikatafuta kosa kama muntu wa barieri anavyotafuta kosa kwenye karatasi zako.

Mimi sijawahi kupaka bakuli vile. Ninakuambia wazi, kwa sababu hauko mbele yangu unitazame na ile macho yako. Papa yako amechonga miaka mingi, mimi nimepaka miaka mingi, na sisi wawili hatujatoa bakuli kama hii.

Na njo pale hasira ilinishika kabisa! Kwa nini ulificha kazi nzuri vile chini ya ule uchafu? Nani alikuambia haitoshi? Patron hajaiona. Papa yako anasema kitu? Papa yako hasemi kitu kwa muntu. Halafu nikawaza, labda ni mimi. Miezi yote hii, kila siku: "Solange, bado. Solange, futa tena. Solange, unaona hapa?" Sikumbuki hata mara moja nilipokuambia iko vizuri. Nimejaribu kukumbuka, nimekaa hapa na kalamu, na sikumbuki. Basi iko vizuri. Iko vizuri sana, mama. Ungalisikia hii juma lililopita, labda ile kopo ya verni ingebaki dukani.

Nikashika ya pili ili niikwangue. Nikaweka kioo juu yake. Kisha nikaiacha.

Usifikiri ni uvivu. Mikono iliwaka kutaka kumaliza, unajua mimi. Lakini nikizikwangua zote sita, patron ataona bakuli zangu, na atakupa kazi kwa bakuli zangu, na siku atakayokuambia "fanya ya saba," mimi nitakuwa huku Burungu na weye huko na kopo ya verni. Kwa hiyo moja nimekwangua, ile kubwa. Tano ziko vile ulivyoziacha. Nimezifunga mbali-mbali, kila moja na majani makavu ya ndizi, zisishikane. Kipande cha kioo kiko ndani ya soksi ya Papa yako, angalia usijikate. Mafuta ya lini iko ndani ya kile kibidoni cha dawa. Nta ya nyuki mujomba wako aliituma kutoka Itebero, iko ndani ya jani, hiyo ni ya mwisho kabisa, baada ya kila kitu kukauka, si mbele. Haya, nilisema sitakufundisha na tayari nakufundisha.

Mahesabu unayajua: hizi tano ulizianza nyuma ya ile kubwa, ukitoa verni, chini hakuna mikono ya mafuta ya kutosha. Kukwangua, siku moja. Kupaka na kungoja, kupaka na kungoja, majuma matatu, na hiyo ni kama Butembo kuna jua. Patron anazitaka siku unapofika.

Kwa hiyo una njia mbili, na mimi sitakuwa pale. Unaweza kumupa zote sita. Ile moja itasimama na tano zitainuka ngozi mbele yake, ao labda atazijaribu kwa uji iliyopoa, atakuwa na haraka, hataona, utapata kitanda na kazi, na baada ya mwezi mama mumoja atakuja dukani na bakuli mukononi. Ao unaweza kumuambia ukweli. Anaweza kukufukuza. Sitakudanganya, Solange, mimi simujui yule muntu, anaweza kukufukuza pale pale, na mimi nitakuwa nimekutuma kwenye barabara ile bure, na ninaogopa sana. Nimeogopa tangu asubuhi. Kama kungekuwa na amani ningesema hakuna neno, utajaribu mahali pengine. Hakuna mahali pengine. Ninajua hayo, na bado sikukwangua zile tano.

Kama utachagua kusema, usiseme vile ninavyosema mimi, kwa maneno mia. Sema: "Patron, moja iko tayari, ijaribu. Tano nimeziharibu mimi mwenyewe, hazijakauka. Nipe majuma matatu." Kisha funga mudomo. Usilie, usimuelezee vita, usinitaje mimi. Umuache yeye ajibu.

Mvua imepunguka. Nasikia sauti yako kule kwenye njia, unacheka na watoto wa jirani, umelowa najua, na ile nguo njo ya kesho. Nitaingiza hii karatasi ndani ya bakuli, nitashona gunia, nitakupakulia maharagi. Utakaa mbele yangu jioni yote na sitasema kitu. Mungu anisaidie, Solange, sitasema kitu.

Mama yako